Mgeni Asiyependa Mafuta

Tulipokwisha kumzika shangazi yangu Zainabu kule Koboko, na watu wamekula na kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni, Rukia alikuja kukaa karibu nami mkekani. Rukia ni kitinda mimba wa shangazi. Sasa ni mwanamke mzima mwenye wajukuu na maumivu ya magoti, lakini mimi kila nikimwangalia namwona mtoto wa miaka mitatu anayelia abebwe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Candiru, ni kweli mimi nilikaribia kufa na surua? Mama kila alipoanza kunieleza alilia, akaacha." Nilijaribu kumweleza palepale, nikashindwa, nikajifanya nimepaliwa na chai. Kesho yake nilirudi kwangu Mvara, nje kidogo ya mji wa Arua, na njia nzima nilijua kwamba waliokuwa wanalijua jambo lile wamekwisha. Nimebaki mimi peke yangu. Basi ninakuandikia, Rukia, na nikichelewa kidogo kwenye vyakula nivumilie, maana mwaka ule naukumbuka kwa tumbo kwanza, kisha kwa kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipopelekwa Koboko kutoka kwetu Aroi kumsaidia shangazi. Sababu za kupelekwa zilikuwa kubwa wakati ule, leo hazina uzito wowote, tuziache. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, miaka ambayo sukari iliadimika, sabuni ikawa ya kukatwa vipande, na mtu aliyepata chumvi aliificha hata ndugu zake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyotazamana na ua mmoja. Cha kwanza kilikuwa cha shangazi na watoto wake, na mimi nililala humo upande wa dirisha. Mumewe alikuwa dereva wa lori na alionekana kwa nadra. Cha pili, chenye mlango wa kijani, kilikuwa cha Haboba. Wanubi humwita nyanya hivyo, na Haboba huyu alikuwa mama mkwe wa shangazi na mwenye nyumba, hata watu wazima wa sokoni walimwita Haboba. Cha tatu kilipangwa na Mama Dorika, Mkongo aliyevuka mpaka na madebe ya mafuta ya mawese na magunia ya samaki wakavu, akisema atakaa wiki mbili tu auze mali yake. Nilipofika mimi alikuwa na mwaka wa tatu pale, na alikuwa bado anasema ataondoka wiki ijayo.

Jiko lilikuwa moja tu, kibanda cha nyasi katikati ya ua, mafiga ya kwetu upande huu na ya Mama Dorika upande ule. Sijui kama nimewahi tena kula vizuri kama nilivyokula katika kibanda kile, ingawa nchi nzima ilikuwa inalia shida. Sisi tulisonga ugali wa muhogo uliochanganywa na wimbi, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Tulipika majani ya kunde kwa karanga za kusaga, na siku nyingine kwa simsim. Mama Dorika naye alitwanga majani ya muhogo, akayapika sombe kwa muda mrefu, akatia samaki, halafu akamimina mawese mpaka chungu chote kikawa chekundu. Rukia alikula kwetu kwanza. Akimaliza alinyanyua kibakuli chake cha bati, akavuka ua kimyakimya, akaketi kwa Mama Dorika na kuanza upya. Alirudi midomo na kidevu vimekuwa vyekundu, na Haboba akamwangalia akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto iko na tumbo mbili," alisema. "Moja ya Uganda, moja ya Kongo."

"Muache akule, Haboba," Mama Dorika alijibu kutoka mafigani kwake. "Mutoto mwenye kukula haogopeshe mutu."

"Mimi nakataa akule? Mimi nasema tu yeye iko na tumbo mbili."

Walizozana hivyo kila jioni, mmoja Mwislamu imara asiyekosa sala, mwingine Mkristo aliyeimba nyimbo za kanisani huku akikoroga chungu, na nilichelewa kujua kwamba ule ulikuwa urafiki. Nililala nikiwasikia kupitia dirishani, wakibishana juu ya bei ya muhogo, juu ya wanaume, juu ya namna bora ya kukausha samaki. Nyumba yangu ya leo ina kimya kizuri na jiko la gesi. Mungu anisamehe, ningeibadili leo hii kwa jioni moja ya kubishana kwao.

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, surua ilianza upande wa sokoni. Tulikuwa tunaijua. Nyumba ya jirani yetu, fundi cherehani, ilikuwa na mtoto wa kiume aliyeugua mwaka uliotangulia, akapona vipele, lakini macho yakabaki na utando mweupe. Mama yake alimpeleka msikitini wameshika fimbo moja, yeye mbele, mtoto nyuma. Shangazi kila walipopita aliacha anachofanya na kumtafuta Rukia kwa macho. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, lakini fimbo ile ilimnyamazisha.

Halafu Rukia akapata homa. Macho yakawa mekundu, pua ikatoka maji, na siku chache baadaye Haboba alimgeuza kichwa taratibu, akaangalia nyuma ya masikio. Vipele vilikuwa vimeanzia hapo. Alitoka uani, akakata tawi la majani mabichi, akalifunga juu ya mlango wa chumba cha shangazi ili watu wasiingie, kisha akatuambia, "Mgeni amefika." Katika nyumba ile jina la ugonjwa halikutajwa ukiwa bado umo ndani. Uliitwa mgeni, na mgeni alikuwa na masharti yake. Dirisha lilizibwa kwa gunia kwa sababu hapendi mwanga. Wanawake wasipige kelele. Na zaidi ya yote, mgeni huyu hapendi mafuta: asikaangiwe kitu karibu, mgonjwa asipewe nyama, wala samaki, wala yai, wala chochote chenye mafuta, maana akikasirishwa na harufu anavirudisha vipele ndani, vikakae tumboni au machoni. Mgonjwa alipaswa kunywa uji mwembamba mtupu mpaka mgeni aage mwenyewe. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu hakuna aliyethubutu kumpa jembe.

Sasa fikiria nyumba yenye sharti hilo, na ndani yake muuza mawese. Haboba alimwendea Mama Dorika asubuhi ileile, nami nilikuwa nachota maji karibu.

"Mama Dorika, mafuta yako yote itoke hapa. Samaki pia. Mgeni hapana penda."

"Haboba, kwetu mugeni akikuya tunamupatia chakula," Mama Dorika alisema, akijaribu kutabasamu. "Mutoto wa surua tunamutilia mawese mu uji. Batoto banakufa juu ya njaa, haiko juu ya vipele."

"Usitaje hiyo jina!" Haboba aliweka mkono kinywani. "Kwenu ni kwenu. Hapa mimi nimezika."

Mama Dorika aliingia chumbani mwake na kuvitoa vyote. Alimlipa mtu wa toroli, akapeleka madebe na magunia kwa rafiki yake sokoni, na tangu siku hiyo akawa anapika hukohuko na kurudi kulala tu. Nyumba nzima ilikula vya kuchemsha. Ua ulikuwa safi, kibanda kimepoa, na kila mtu alinong'ona. Sikudhani mtu anaweza kuikumbuka harufu ya samaki wakavu kwa uchungu namna ile.

Shangazi alivumilia, kisha akashindwa. Alimbeba Rukia amemfunika kanga kichwa kizima, tukaenda zahanati, Haboba akidhani tumekwenda kwa mganga wa majani. Tabibu alikuwa mtu mchovu mwenye kabati tupu, na hakutuficha. Alisema surua ni virusi, na vidonge vichache alivyobakiwa navyo haviui virusi. "Mwili wa huyu mtoto ndio unapigana," alisema. "Lakini mtu hapigani akiwa na njaa. Mpeni maji mengi, mpeni mayai, samaki, majani, mafuta. Mkimnyima chakula, mnaweza kuyapoteza macho, na hata yeye mwenyewe." Shangazi alimbeba Rukia akarudi naye nyumbani. Jioni alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kama ilivyo heshima, akamweleza alikotoka na alichoambiwa.

Nilitegemea ngurumo. Haboba aliuliza tu, "Huyo dakitari yeye amezika ngapi? Mimi tatu. Wa kwanza, Yusufu, nilimpa nyama kwa sababu nilimhurumia. Asubuhi hakuamka."  Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Leo ningesema kwamba Yusufu hakuuawa na nyama, kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshinda. Nimefundisha wasichana mapishi na lishe miaka mingi, nimechora ubaoni karoti na maini na majani ya kijani, nimeeleza jinsi surua inavyokausha mwilini kile macho yanachokihitaji. Lakini hata leo, na ubao wangu wote, nisingeweza kumwambia Haboba hivyo usoni.

Sharti likabaki vilevile, nami nikapewa kazi ya kukaa na Rukia gizani. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kweli Rukia hakuulizwa, lakini alikataa. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, na uji ule haukuwa na ladha ya kumfanya mtu ajitahidi. Macho yake yalikuwa yamegandamana kwa tongo. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, hakuyafungua. Mikono ilikuwa imekonda mpaka bangili yake ya shanga ikawa inapanda mpaka begani. Hakulia tena, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Shangazi aliingia kila mara, akamshika kope kwa ncha ya kidole, akatoka bila kuzifungua, kwa sababu aliogopa kuona kilichokuwa chini yake.

Mchana ulikuwa mrefu, na mimi mwenyewe nilikuwa na njaa. Nikaanza kusema juu ya chakula. Sikuwa na hila yoyote; ulikuwa uroho wangu tu. Nilimwambia Rukia, leo tupike nini? Leo tupike kunde. Tunachambua hivi, tunasaga karanga hivi, povu linapanda. Nikamsugulia mikono yangu sikioni asikie jiwe la kusagia. Kesho yake, kwa maneno tu, nikapika maharage, nikapika boga kwa maziwa, nikachoma mahindi. Nilipika chungu baada ya chungu gizani mle, mate yakinijaa, na yeye alilala ameugeuzia uso ukuta. Siku moja nikafika kwenye sombe. Nikayatwanga majani kwa ngumi mkekani, nikatia samaki, nikasema, sasa Mama Dorika anafungua debe, anachota, anamimina, chungu kinakuwa chekundu. Haboba alikuwa ndiyo kwanza ameingia na bakuli la uji, amesimama mlangoni. Na Rukia, ambaye hakuwa amesema neno kwa muda mrefu, akasema kwa sauti kavu, "Nataka ya Mama Dorika."

 "Ile nyekundu," alisema tena.

Nilijua nimeharibu. Nilisubiri kofi. Badala yake Haboba aliketi chini, palepale kizingitini, uji ukamwagika kidogo kwenye vazi lake, na hakuupangusa. Sheria zake hazikuwa moja. Ile ya mafuta tuliijua sote, lakini ilikuwepo nyingine ya zamani zaidi, ambayo hata Walugbara wa kwetu Aroi wanayo: mgonjwa akitaja chakula kwa kinywa chake mwenyewe, hanyimwi. Anayemnyima hubeba sauti hiyo mpaka kaburini.

"Musa yangu aliomba asali," Haboba alisema. Alikuwa anaongea na giza, si nami. "Huyo wa mwisho. Yusufu alikula, akakufa, basi mimi nakataza Musa. Yeye anasema, Mama, asali kidogo tu. Mimi nakataa. Mpaka leo nasikia."  Kisha akanigeukia kwa ukali uliokuwa wa kawaida yake. "Wewe hapana sikia? Mtoto ameomba! Kimbia soko, ita yule Mkongo!"

Nilikimbia bila viatu. Mama Dorika alikuwa anapimia mteja mafuta. Aliposikia aliacha mteja na debe, akatia mawese na samaki katika chungu, akakifunga kwa kitambaa, tukarudi mbio, yeye akihema na kumwomba Yesu kwa Kilingala. Mlangoni alisimama chini ya tawi, hakuingia. Haboba ndiye aliyelifungua tawi lile kwa mikono yake. Kisha akaingiza kichwa chumbani na kusema kwa adabu kabisa, kama anavyoambiwa mtu mzima aliyefika kwa watu, "Mgeni, utusamehe. Hatukudharau. Mtoto ameomba mwenyewe." Mama Dorika hakucheka. Hakusema kwamba alikuwa amewaambia. Alitia mawese kwenye uji, akasaga samaki kwa vidole mpaka akawa unga, akampa Haboba kijiko amlishe yeye. Kijiko cha kwanza kilitemwa. Cha pili kilikaa mdomoni muda mrefu, kisha tukaona shingo ile nyembamba inameza, na shangazi akatoka nje akajifunika uso kwa kanga.

Madebe yalirudi uani. Tulimpa mayai, tulimpa papai, tulimpa majani ya kunde yaliyopondwa, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, na maji kila alipoamka. Homa ilishuka, vipele vikaanza kubanduka. Macho tu ndiyo yaliyobaki yamefungwa, na kila mtu aliepuka kuyataja. Sisemi mawese ni dawa. Wapo watoto waliolishwa vizuri wakafa, na wapo walionyimwa kila kitu wakaishi. Siku hizi ipo chanjo, na ningekuwa na uwezo ningembeba kila mtoto wa West Nile, eneo letu hili, mgongoni mpaka kwenye sindano hiyo. Juzijuzi wakati wa korona kila mtu Arua aligeuka daktari wa malimau na tangawizi, mpaka limau likauzwa kama dhahabu, na mimi nikacheka sana. Chakula hakimfukuzi mgeni. Kinampa mwenye nyumba nguvu ya kusimama mpaka mgeni aondoke.

Vita vilipofika upande wetu mwaka wa sabini na tisa, watu wa Koboko walimwagika, wengine Sudani, wengine Zaire. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Aroi. Nilisikia kwamba Mama Dorika alimbeba Haboba mgongoni mpaka ng'ambo, na kwamba Haboba alimtukana njia nzima kwa kwenda polepole. Haboba akazikwa hukohuko. Mama Dorika sikumpata tena, ingawa niliwauliza wanawake wa Kongo sokoni Arua kwa miaka, mpaka wakaanza kunikwepa. Ninamkumbuka kwa njaa isiyoshiba, Rukia. Nimejaribu kupika sombe yake. Viungo vyote ninavyo, na haifanani.

Lakini uliniuliza kuhusu wewe. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi Haboba alisema basi, mtoto atoke. Akalivuta gunia dirishani, akakubeba mpaka kizingitini, akakusimamisha kwenye jua. Shangazi hakuweza kutazama. Alisimama ameegemea ukuta wa jikoni, kaweka paji la uso kwenye udongo. Mama Dorika alikuwa ameshika mwiko hewani. Ulifumba macho kwa nguvu, ukakunja uso wote. Haboba alikuuliza, "Rukia, unaona mimi?"  Akauliza tena, mkono wake ukiwa begani mwako. Ukafungua jicho moja, halafu la pili, mekundu, yanachuruzika machozi, na hukumtazama Haboba wala mtu yeyote. Ulikuwa unageuza kichwa polepole, unafuata kitu. Kumbikumbi walikuwa wametoka ardhini na mvua ile, wanaruka ovyo uani. Ulishuka kizingiti, miguu ikiyumba, ukanyoosha mkono, ukamdaka mmoja hewani, ukamtia mdomoni mzimamzima, ukapaliwa.

"Anaona!" Mama Dorika alipiga kelele, mwiko ukaanguka. "Zainabu! Geuka! Mutoto anaona!"

Mama yako aligeuka, na hicho ndicho kitu alichokuwa anashindwa kukusimulia. Haboba aliketi chini kwenye tope na vazi lake safi, akakutolea yule kumbikumbi mdomoni kwa kidole, machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Toa bawa kwanza, mtoto yangu," alikuambia. "Hapana kula na bawa." Ukamdaka mwingine. Ukamwinua karibu na macho yako, ukayang'oa mabawa, moja moja, wala hukukosea hata moja.